Kununua bidhaa ng'ambo na kuzipitisha forodhani: je, anayeona ushuru ni dhulma anaruhusiwa kudanganya?

SWALI

Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi hufunga safari kwenda ng'ambo kununua nguo, mikoba, manukato na simu, kisha nakuja kuuza. Sehemu ya mzigo ni ya watu walionituma kwa fedha zao. Wenzangu katika biashara hii wanasema ushuru wa forodha ni dhulma, kwa hiyo hakuna dhambi kumwomba mwenye duka aandike bei ndogo kwenye risiti, kukata lebo ili vitu vionekane vimeshatumika, kuwagawia abiria wengine wapitishe kama vyao, au kumpa afisa kitu kidogo. Je, ni kweli? Faida niliyokwisha kupata kwa njia hizo ina hukumu gani? Na ushuru ninaolipa, naweza kuuhesabu kuwa zaka?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Dada yetu, wenzako wamefunga maswali mawili katika furushi moja. La kwanza ni kama mtawala ana haki ya kuchukua ushuru. La pili ni kama wewe una haki ya kusema uongo, kughushi karatasi na kutoa rushwa. Hata tukikubaliana nao kikamilifu katika la kwanza, la pili bado halijajibiwa.

Kuhusu la kwanza nitasema kwa ufupi. Ni kweli zipo hadithi kali juu ya mtoza maks, yaani tozo ya dhulma kwa wafanyabiashara. Katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) aliisifu toba ya mwanamke wa kabila la Ghamid, aliyeungama zinaa, kwamba lau mtoza maks angetubia toba kama ile angesamehewa. Lakini pia ni kweli kwamba Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliweka watoza ushuru kwenye njia za biashara, miongoni mwao Ziyad bin Hudayr, wakichukua moja ya kumi kwa mfanyabiashara atokaye nchi ya vita (isiyo na mkataba na Waislamu), nusu yake kwa dhimmi (asiye Mwislamu aishiye chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu), na kwa Mwislamu robo ya hiyo moja ya kumi, ambayo ni zaka yake. Wanavyuoni kama Al-Ghazali na Ash-Shatibi waliruhusu mtawala kuwatoza matajiri pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ni ya kweli. Mwanachuoni Izz bin Abdis-Salam alipoulizwa kabla ya vita vya Ain Jalut dhidi ya Wamongolia mwaka 1260, aliruhusu kwa sharti gumu: wakubwa wauze kwanza mapambo yao, wawe sawa na raia wa kawaida. Basi kuna ushuru wa haki na kuna wa dhulma, na kuupima si kazi ya mtu aliyesimama kwenye foleni ya uwanja wa ndege na masanduku matatu. Mtu huyo ni nadra kuiona hukumu isiyompa faida.

Tuje kwenye la pili, ambalo ndilo linalokuhusu kila safari.

Uongo ni haramu kwa asili yake, na hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba imetaja sehemu tatu za ruhusa: vita, kupatanisha watu, na maneno ya mume na mke. Anayeshikilia kwamba yeye ni mwenye kudhulumiwa atasema atatumia maneno ya mafumbo, aseme "hizi ni zangu" akikusudia "ni zangu mpaka niziuze". Mlango huo umefungwa na hadithi ya Muslim kutoka kwa Abu Hurayra: kiapo chako ni kwa lile analokusadikia mwenzako. Fomu ya tamko la forodha ina saini yako chini ya maneno kwamba maelezo ni ya kweli, na inasomwa kwa maana aliyoikusudia mwulizaji. Afisa akiuliza kama ni vya matumizi binafsi, anauliza kama vitauzwa. Na hapa wengi hujidanganya kwa kunyamaza. Viwanja vingi vina njia mbili, nyekundu ya wenye vitu vya kutangaza na ya kijani ya wasio navyo. Kuingia ya kijani ni tamko tayari, hata kama hukufungua mdomo, na kisheria hatua zako zile huhesabiwa kama maneno. Katika sheria ya dini nayo, kitendo kinachoeleweka hushika nafasi ya tamko.

Sasa mbinu ulizotaja.

Risiti ya bei ndogo ni ushahidi wa uongo wa watu wawili, wewe na mwenye duka uliyemtia dhambini. Kibiashara pia ni mbinu dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani, thamani ya forodha huanzia kwenye bei iliyolipwa kweli. Afisa akiwa na sababu ya kuitilia shaka, huiacha na kwenda kwenye bei ya bidhaa ileile iliyoingizwa na wengine, kisha bidhaa inayofanana nayo, na kadhalika. Simu ya toleo linalojulikana na mkoba wenye jina haviwezi kujificha: bei yake anaiona kwenye kompyuta yake. Matokeo ni thamani ya juu kuliko uliyolipa, juu yake faini, na mara nyingi mzigo kuzuiwa. Na punguzo la kweli ulilopata dukani linakubalika. Anayezoea risiti za uongo ndiye asiyeaminiwa siku anapoleta ya kweli.

Kukata lebo ni udanganyifu wenye hasara mbili. Kwanza, vitu vilivyotumika navyo hutozwa ushuru sehemu nyingi, kwa hiyo hupati ulichotafuta. Pili, viatu jozi kumi za rangi moja vyenye saizi tofauti havimdanganyi mtu yeyote. Kisha unamuuzia mteja kitu kisicho na lebo, ukamnyima dhamana ya kiwandani, na usipomwambia, hiyo ni ghishi nyingine tena.

Kuwagawia abiria wengine: kila msafiri ana kiwango cha msamaha, lakini msamaha huo kwa kawaida ni wa zawadi na matumizi yake na ya nyumbani kwake. Bidhaa za kuuza hazimo, hata ziwe chache. Anayekubebea anasema uongo kwa niaba yako, na anasimama kwenye hatari asiyoijua. Vivyo hivyo wewe usibebe begi la mtu lililofungwa. Fungua, hesabu, andika orodha na bei, na kama mwenyewe hataki ufungue, mwachie begi lake. Dawa za kulevya, ngozi za wanyama wa porini, meno ya tembo na matumbawe hupatikana kwenye mabegi ya watu walioapa kwamba hawakujua, na forodha humshika aliyelibeba.

Rushwa. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Wanavyuoni wengi wamemvua na laana hii mtoaji ambaye hana njia nyingine ya kuipata haki yake iliyozuiwa, na dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Lakini shika mipaka ya kauli hiyo: umetangaza kwa ukweli, umelipa kinachotakiwa, umeomba kumwona mkubwa wake, na bado mzigo umezuiwa mpaka utoe. Anayetoa ili alipe pungufu hanunui haki yake, ananunua uongo wa afisa. Na kuiita zawadi hakusaidii. Ibnul-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, alipokuja na mali hiyo akasema "hii yenu na hii nimezawadiwa", Mtume (S.A.W.) aliuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa.

Mlango wa halali wa kupunguza ushuru upo, na ni mpana kuliko watu wanavyojua, kwa sababu wengi wanakimbilia kudanganya kabla ya kusoma kanuni. Hakikisha bidhaa imewekwa kwenye namba yake sahihi ya uainishaji. Tarakimu sita za mwanzo ni za kimataifa, na kosa la namba moja linaweza kubadilisha kiwango cha ushuru. Kama nchi yenu ina mkataba wa biashara na nchi ilikotengenezwa bidhaa, omba cheti cha uasili kwa muuzaji kabla ya kuondoka, maana ukishafika nyumbani ni shida kukipata. Uliza kama nchi yako inahesabu nauli na bima ndani ya thamani, kwani si zote zinafanya hivyo. Ukienda na kamera au vito vyako mwenyewe, viandikishe kwa forodha unapotoka, usije ukatozwa unaporudi.

Yapo pia marejesho ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa watalii. Ni haki yako kuyachukua kwa masharti yake: fomu itoke dukani kwa pasipoti yako, bidhaa iwe haijatumika, na ionyeshwe forodha ya nchi unayotoka kabla begi halijachukuliwa na shirika la ndege. Katika Umoja wa Ulaya bidhaa lazima iwe imetoka kabla ya kumalizika mwezi wa tatu baada ya mwezi wa ununuzi. Kutumia pasipoti ya mwingine, au kudai marejesho ya kitu ulichomwachia jamaa hukohuko, ni wizi wa mali ya watu wa nchi ile, na kuwa wao si Waislamu hakuwapotezei haki. Umeingia kwao kwa viza, nayo ni ahadi. Faida nyingine wasiyoijua wengi: kodi ya ndani ya kule iliyorejeshwa kwako haitakiwi kuingizwa kwenye thamani ya forodha huku. Weka nakala ya fomu iliyopigwa muhuri, uidai wazi badala ya kuficha bei.

Waliokutuma kwa fedha zao ndio nawahofia zaidi, kwa sababu haki zao hazifutiki kwa istighfari peke yake. Amua kabla ya safari kama wewe ni wakala au muuzaji. Ukiwa wakala, mali ni yao tangu inaponunuliwa, na ujira wako utajwe mapema kwa kiasi kinachojulikana. Punguzo la dukani ni lao, na marejesho ya VAT ni yao, isipokuwa mmekubaliana vingine. Urwa Al-Bariqi alipewa dinari moja na Mtume (S.A.W.) anunue kondoo, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari. Ziada hakuitia mfukoni. Mzigo ukipotea au kukamatwa bila uzembe wako, hasara ni yao. Ukikamatwa kwa sababu ulitamka uongo bila idhini yao, utawalipa.

Ukiwa muuzaji, usiuze usichomiliki. Hakim bin Hizam alikatazwa hilo waziwazi na Mtume (S.A.W.). Pokea ahadi ya kununua, nunua kwa fedha yako, hatari iwe juu yako mpaka umkabidhi, kisha uza kwa bei mtakayoridhiana. Ukiuza kwa kutaja gharama na kuongeza faida, una haki ya kuingiza nauli na ushuru katika gharama, lakini ule uliolipa kweli. Dhahabu ina ugumu wake: huwezi kuchukua malipo leo ya dhahabu yako utakayomkabidhi mteja mwezi ujao, kwani hiyo ni riba ya kuchelewesha. Kwa dhahabu kubali uwakala tu.

Kuhusu faida iliyopita: ulinunua kwa mali yako ya halali na ukauza kwa ridhaa, hivyo mauzo ni sahihi na faida kwa asili yake ni yako. Dhambi iko kwenye uongo, kughushi na rushwa, na toba yake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Mamlaka nyingi zina utaratibu wa kujitangaza kwa hiari kwa adhabu nafuu. Ukiwepo kwenu, tumia. Ukiwa haupo, nashauri ukadirie kadiri utakavyoweza kiasi ulichokwepa na ukitoe kwenye maslahi ya umma, kama maji au hospitali, kwa tahadhari ya dini yako. Lakini kuna sehemu moja ambayo si ya tahadhari bali ni wajibu. Kama uliwatoza wateja "fedha ya ushuru" na hukuilipa, umekula mali yao kwa batili. Mrudishie kila unayemjua. Usiyempata, mtolee sadaka kwa niaba yake.

Ushuru si zaka. Zaka ni ibada yenye nia, kiwango na makundi manane ya watu yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, na forodha haina hata kimoja katika hivyo. Hesabu yako iwe hivi: mwaka wa Hijria unapotimia, thaminisha bidhaa zote za kuuza kwa bei ya soko ya siku hiyo, wala si bei uliyonunulia, pamoja na zilizoko ghala la forodha maana umeshazimiliki. Ongeza taslimu. Vya waliokutuma usivihesabu, ni amana. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Mfano, bidhaa za 8,000 na taslimu 1,500, ukiwa na deni la ushuru la 700: wanaoondoa deni watakuambia 220, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, deni haliondolewi, hivyo ni 237.5. Hii ya pili ndiyo ninayokuchagulia. Ushuru uliokwisha kulipa kabla ya siku hiyo umeshatoka mkononi mwako, hauhesabiwi upande wowote.

Wallahu a'lam.