Kili na vijana 30 kwa siku tano? Ongeza usiku wa pili Horombo kabla hujalipa

Mkuu, usimlipe wakala wa safari hiyo advansi. Umesema una vijana 30 wa miaka 14 hadi 17, kambi ya likizo ya Juni, Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano kwenda na kurudi. Halafu unauliza hema za kukodi, michezo ya jioni, na fulana zichapwe rangi gani. Fulana! Ratiba uliyobandika ndiyo ile inayoshusha watoto kwa machela, nawe umekazana na rangi.

Isome upya kwa mita. Usiku wa kwanza mnalala vibanda vya Mandara, 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na huo wa tatu hata hamlali, maana karibu saa sita mnaamshwa kuelekea kilele cha Uhuru, 5,895. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Wewe unapandisha 1,000, kesho yake 1,000 tena. Mwili haujapata muda wa kuizoea hewa nyepesi. Mtu anaingia Kibo kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi hauji, na kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Huyo wakala aliyekwambia "vijana wana damu changa, watapanda tu" anajua vizuri anachouza. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, vibanda kwa usiku, wapagazi na waongozaji nao hulipwa kwa siku. Akikata siku moja kwa vichwa 30, bei yake inashuka chini ya ya jirani, na wewe unamshukuru kwa punguzo. Mtoto akianza kutapika Kibo, yeye yuko ofisini mjini anakunywa chai. Ujana haukingi chochote hapa. Tena vijana ni wasumbufu kuliko wazee: wanashindana kutembea, na anayeumwa kichwa ananyamaza asije akaitwa mlegevu.

Kwa hiyo siku sita, na hiyo ya ziada ikae Horombo, si kwingine. Mkishalala hapo usiku wa kwanza, asubuhi pandeni polepole hadi Zebra Rocks, ile miamba yenye michirizi myeusi na myeupe, karibu mita 4,000. Kaeni kidogo, kunyweni maji, mshuke mkalale Horombo tena. Mwili unaonja juu, unapumzikia chini. Hata hivyo ile kanuni ya mita 500 hamjaitimiza, mmeisogelea tu. Ndiyo maana kwa kambi ya watoto mimi ningeweka lengo liwe Horombo na Zebra Rocks, kila mtoto arudi akiwa amefika. Uhuru iwe ya wachache, wenye idhini ya maandishi ya wazazi, na kundi lao liwe na waongozaji wake.

Kila asubuhi na kila jioni muulize kila kijana peke yake, mbali na wenzake. Kichwa kinauma, tena kuna kichefuchefu, au kizunguzungu, au uchovu usio wa kawaida? Huyo hapandi hata hatua siku hiyo, na akizidiwa anashuka. Panadol mpe apunguze maumivu, lakini usimpe ili aendelee kupanda, hapo unaficha tu kinachokuonya.

Dalili mbili hazina mjadala. Mtembeze hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma: akiyumba, ubongo umeanza kuvimba. Na anayehema ilhali amekaa tu, au kikohozi chake kimekuwa cha majimaji, maji yanaingia kwenye mapafu. Hao wanashuka dakika hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku na baridi inakata. Kusubiri kupambazuke ndiko kunakoua.

Sasa piga hesabu. Kila anayeshuka anaondoka na mwongozaji mmoja na mtu mzima mmoja wa kambi. Wakishuka wawili kwa nyakati tofauti, nani amebaki na wale 28? Mwulize wakala swali hilo kwa maandishi, uone atakavyobadilisha mada. Na asikuambie "mtatumia Diamox". Hiyo ni dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, na huandikwa na daktari baada ya kujua uzito wa mtoto na kama ana mzio wa dawa za salfa. Haigawiwi kama pipi kwenye basi.

Mwongozaji mtaratibu kuliko wote atangulie, mwingine afunge mkia, na hakuna kijana anayempita wa mbele. Maji lita tatu kwa siku kila mmoja.

Hema achana nazo, njia ya Marangu watu hulala vibandani. Uhakikishe vitanda 30 vya Horombo kwa kila usiku mtakaolala hapo mkipanda, ukianza na ule wa pili ulioongezwa, kabla hujatoa hata shilingi, maana Juni panajaa. Michezo na fulana watakujibu wengine. Wewe bandika hapa ratiba mpya yenye siku sita na idadi ya waongozaji, tuipitie.