Hukwe kaenda wapi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kampuni kubwa za teknolojia zimetoa simu, saa na spika mpya, pamoja na huduma za muziki na filamu za kulipia kila mwezi, wewe msomaji ungeanza kununua kipi? Swali limenichoma. Mimi nataka kwanza tuulizane kama hapo kuna kitu tunachonunua kweli.

Apple walipofungua duka lao la nyimbo mtandaoni mwaka 2003, wimbo mmoja uliuzwa senti 99 za dola, na mwaka 2009 walitangaza kuziondolea nyimbo zile kufuli. Ukishalipa, faili ni lako, lihamishe utakako. Leo biashara imegeuka. Huduma yao ya filamu na tamthilia ilianza Novemba 2019 kwa dola 4.99 kwa mwezi, na aliyenunua kifaa kipya alipewa mwaka mzima bure. Baadaye mwaka huo ukapunguzwa ukawa miezi mitatu, na tangu Agosti 2025 bei yake huko Marekani ni dola 12.99. Kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi 30,000 kila mwezi, na siku ukiacha kulipa hutabaki na chochote. Kifaa ni chambo, ada ndiyo ndoano.

Yaliyotokea nyumbani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, yalihusu kampuni nyingine, ambayo siitaji.

Baba mkubwa wangu, mzee wa Mvumi, alikuja mjini kutibiwa mguu akakaa kwetu miezi kadhaa. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi Dar, akapanda treni ya umeme kuja kumjulia hali babu yake. Alikuja na simu mpya na spika ndogo ya duara, na ndani ya boksi kulikuwa na ofa ya muziki wa bure kwa miezi mitatu. "Mbukwa, babu," akamwambia, "taja wimbo wowote unaoutaka." Mzee akaona anachezewa, akajibu, "Haya, nitafutie Hukwe."

Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa. Kwa wasomaji wa mbali, namsema Hukwe Zawose, Mgogo wa kijiji cha Doduma, bingwa wa zeze na ilimba, ile ala ya vipande vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, aliyefundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, akarekodi na lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel ya Uingereza, na kufariki mwaka 2003. Kijana akaandika jina, na mzee hajaweka hata fimbo yake chini, ilimba ikaanza kulia sebuleni kwetu.

Baba mkubwa akainua kidole tunyamaze. Akavuta kiti mpaka spika ikawa karibu na goti lake. "Mnasikia inavyovuma kwa pembeni, kama nyuki? Ule ni utando wa buibui. Unaziba nao tundu la ilimba, taratibu. Ukichanika, ilimba inabaki inagonga tu, haisemi." Kisha akaanza kuimba sauti ya chini. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali, akaitikia ya juu na mwiko mkononi. Watoto wetu waliozaliwa mjini, ambao Cigogo chao kinaishia kwenye salamu, wakaja wakakaa sakafuni bila kuitwa. Ugali ule uliliwa umepoa na hakuna aliyelalamika. Mzee akaomba na muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wa akina mama wa kijijini kwake, aliosema waliwahi kurekodiwa na watu wa Redio Tanzania. Tulitafuta kwa kila namna ya kuandika jina, hatukuuona. Huduma hizi zinajisifia wingi, Apple walitangaza mwaka 2022 kwamba wamefikisha nyimbo milioni 100, na mzee mmoja wa Mvumi bado anatafuta wimbo mmoja.

Kijana alimwachia babu simu yake ya zamani ikiwa na nyimbo zimeshushwa, na kila jioni baada ya kula ikawa Hukwe. Mpaka miezi ya ofa ilipokwisha. Onyo lilikuja kwa Kiingereza, mzee akalibonyeza likaondoka. Majina ya nyimbo yalibaki pale pale, yamefifia, ukigusa hazilii. Ndivyo zilivyotengenezwa: faili limo ndani ya simu yako, lakini limefungwa, na programu hailifungui mpaka ihakikishe umelipa. Tukataka kulipa, ikadai kadi ya benki. Yangu ikakataliwa, pesa ya simu haikupokelewa. "Hukwe kaenda wapi?" mzee akaniuliza, na sikuwa na jibu la kumpa mtu wa umri wake.

Nilikwenda soko la Majengo kwa kijana anayeingiza nyimbo. Akamjaza Hukwe kwenye memori kadi, nusu ya majina yamekosewa. Kadi ile ikarudi Mvumi na mzee, iko kwenye redio yake, na hakuna wa kuifunga.

Nilikusudia kuishia hapo na kuwaambia msinunue chochote. Lakini yule kijana wa Majengo hajawahi kutuma hata shilingi kwa ukoo wa Zawose, na ukoo huo bado unaimba. Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens, baada ya miaka mingi ya kuimba nyuma ya wanaume wa familia. Nikiendelea na memori kadi, wao wanakula nini? Huduma ya kulipia, hata kama kinachowafikia kwa wimbo mmoja ni kidogo mno, angalau ina daftari lenye majina yao.

Kwa hiyo ningelipia muziki. Saa na simu hapana, na tamthilia zao sina haraka nazo. Ila nilipe kwa pesa ya simu, kwa siku au kwa wiki kama tunavyonunua bando, na ofa ikikaribia kwisha niambiwe kwa Kiswahili. Wasipotimiza hayo, siahidi kufika mwezi wa pili. Na kadi ya baba mkubwa simnyang'anyi. Juzi amepiga simu kuuliza kama yule kijana anaweza kupata kanda za zamani za redio, zile za muheme, na Jumamosi nakwenda Majengo kumuulizia.