Fundi mgeni na elfu 30: anunue spana gani, azibebe kwa sanduku gani?

Swali: Habari fundi. Nimepita gredi 3 ya NITA (mtihani wa ufundi wa serikali) na nimepata nafasi kwa gereji moja Kariobangi Light, lakini mwenye gereji ameniambia nije na spana zangu. Niko na elfu 30. Rafiki yangu ananiambia nichukue ile seti ya vipande 216 ya boksi la plastiki nimalizane na hiyo stori. Mwingine anasema ninunue kwanza kabati la droo lenye magurudumu ndio wateja wajue mimi ni fundi wa ukweli. Gari nyingi hapo ni Probox, Vitz, Fielder na Subaru. Nianzie wapi?

Jibu: Hongera kwa gredi. Na umefanya vizuri kutaja gari zenyewe, maana wengi huniuliza spana gani nzuri bila kusema wanashika nini, na hapo hakuna jibu, fundi wa Isuzu za lori na fundi wa Vitz hawabebi vitu vimoja kabisa.

Wote wawili marafiki zako wamekosea, lakini wa kabati ndio amekosea zaidi. Kabati la magurudumu ni la gereji yenye sakafu ya simiti na mlango wa kufungwa usiku, wewe unaenda kufanya kazi kwa yadi, pengine marram, mvua ikinyesha hayo magurudumu madogo yanazama na kabati linabaki hapo hapo. Na jioni utalibeba vipi kwa matatu? Ukiliacha huko hujui kesho utakuta nini ndani. Pesa yako kwanza iende kwa chuma kinachoshika boliti, sanduku lifuate.

Sasa hiyo seti ya 216. Kabla ulipe, mwambie muuzaji aifungue na uhesabu mwenyewe. Utakuta sehemu kubwa ya hivyo vipande ni vile vidubwana vya bisibisi, nyota, bapa, Torx, alenkii, halafu soketi ndogo za milimita 4, 4.5, 5, 5.5 ambazo kwa Probox unaweza kukaa mwaka bila kuzigusa. Soketi utakazotumia kila siku ni za kuhesabu kwa vidole. Gari za Japani zinafuata kipimo chao cha JIS (viwango vya viwanda vya Japani): boliti ya M6, yaani ya unene wa milimita 6, ina kichwa cha 10, M8 ina 12, M10 ina 14, M12 ina 17. Kwa hivyo 8, 10, 12, 14, 17 na 19 ndio mkate wako, halafu 21 ya nati za taya za Toyota, za Subaru ni 19. Boliti ya kumwaga oili kwa Toyota nyingi ni 14, kwa Subaru mara nyingi ni 17. Gari za Ulaya hiyo M8 ina kichwa cha 13 na M10 ina 16, ndio maana fundi wa Volkswagen anahitaji 13, 16 na 18 na anakuonea huruma na 12 yako.

Lakini 13 nunua tu hata wewe. Gari ikishapitia mikono kadhaa hapa Nairobi, boliti za kiwanda zinapotea na mtu anaweka ya kununua hadiwea, na hizo mara nyingi ni za 13 na 17. Utafungua kava ya chini ya Fielder upate boliti tatu za 10, moja ya 13 na ya mwisho ni waya imefungwa.

Kwa soketi chukua za pembe 6, sio pembe 12. Pembe 6 inashika boliti kwa ubavu, ile ya pembe 12 inashikia karibu na kona, sasa boliti ikiwa na kutu au ishaanza kulika kichwa, pembe 12 inaimalizia na hapo umeanza kazi ingine ya grainda na patasi ambayo mteja hakulipii. Upande wa ringi wa spana sawa, hapo pembe 12 ni ya kawaida na inakusaidia mahali hakuna nafasi ya kuzungusha.

Ukubwa wa racheti (ule mpini wa meno unaozungusha soketi): anza na ile ya kati, ya inchi 3/8, hiyo ndio itafanya kazi nyingi kwa hizo gari ulizotaja. Ya nusu inchi usinunue racheti saa hii, nunua pawa baa (mpini mrefu usio na meno) na soketi nne tu, 14, 17, 19 na 21, za boliti ngumu. Kufungua nati iliyokwama kwa racheti ni kuua racheti. Ya robo inchi itakuja baadaye ukianza kuingia ndani ya dashibodi.

Wacha nikuonyeshe vile racheti inachaguliwa dukani, kwa sababu muuzaji atakuambia zote ni orijino. Ishike karibu na sikio, zungusha kichwa polepole na vidole viwili, usikie meno yanaanguka sawasawa bila moja kuruka. Halafu weka soketi, ikaze soketi kwa ngumi ya mkono wa kushoto na usukume mpini kidogo kidogo, uone inachukua umbali gani kabla jino lishike. Ya meno 24 inataka digrii 15 kila jino, ya meno 72 inataka digrii 5. Kwa injini ya Vitz hiyo tofauti sio mchezo, nyuma ya altaneta hakuna digrii 15 za kupoteza. Mwisho geuza kidude cha kubadilisha upande mara kadhaa, kikiwa kinajirudisha chenyewe rudisha hiyo racheti kwa rafu.

Spana kombi (wazi upande mmoja, ringi upande wa pili) nunua seti ya 8 mpaka 19, na 10 na 12 nunua mbili mbili. Moja ya kushikilia na moja ya kukaza, na pia 10 itapotea, sijawahi kuona gereji ambayo 10 haijapotea. Ukienda dukani beba boliti mpya mfukoni, moja ya kichwa cha 10 na moja ya 14. Ingiza upande wa wazi wa spana kwa hiyo boliti na uitikise. Ikicheza sana, spana ni mbaya hata kama imeng'aa kama kioo. Herufi za chrome vanadium (aina ya chuma kigumu) zimeandikwa hadi kwa spana za ovyo siku hizi, hiyo boliti yako ndio haidanganywi.

Kuhusu majina, King Tony ni ya Taiwan na kwa pesa yako inakutosha. Za mtumba kutoka Japani kama KTC, Koken na Tone ukizipata usiogope, spana nzuri iliyotumika inashinda mpya dhaifu. Angalia tu mdomo wa spana haujafunguka, ndani ya soketi kona hazijawa za mviringo, na hakuna ufa mwembamba kwenye ukuta wa soketi, pitisha kucha utausikia. Za bei ya chini za Kichina sio zote mbaya: nyundo, brashi ya waya, tochi, sumaku ya kuokota, hapo usimwage pesa. Zunguka Kirinyaga Road kule watu bado wanaita Grogan, ulinganishe duka tatu nne kabla utoe kitu mfukoni, na usiende jioni ukiwa na haraka ya gari ya kurudi mtaani.

Bisibisi ya nyota hapa kuna jambo wengi hawalijui. Skrubu za gari za Japani ni nyota ya JIS, sio ile ya Phillips, kwa macho zinafanana. Phillips ikiwekwa kwa JIS haikai mpaka chini, ukibonyeza inapanda na kula skrubu, na kwa zile skrubu za diski ya breki utalia. Tafuta bisibisi iliyoandikwa JIS, namba 2 na namba 3. Ile namba 3 inayopitisha chuma mpaka nyuma ya mpini ili uigonge na nyundo, hiyo ni dhahabu.

Vingine haraka haraka: plaizi ya kawaida, ya mdomo mrefu, ya kukata na moja ya kulock. Nyundo moja ya chuma na moja ya mpira. Soketi ya plagi ya 16 yenye raba au sumaku ndani, na ukishika Toyota mpya mpya utahitaji ya 14. Subaru plagi zimelala ubavuni, bila ekstensheni fupi mbili na yunivaso (kiungo kinachopinda) utaishia kuchubuka vidole. Spana ya paipu ya breki ya 10, ile ya ringi yenye pengo, usifungue paipu ya breki na spana flati ya kawaida, ile nati ni laini. Tester ya umeme hata ya bei nafuu: betri iliyojaa inasoma kama 12.6, gari ikiwaka inasoma 14 na kitu, hiyo peke yake itakuokolea kubadilisha altaneta ya watu bure.

Torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) uliza kama gereji iko nayo, kama haina iwe kitu cha kwanza kununua ukilipwa. Nati za taya za Toyota ndogo nyingi zinataka 103 Nm, na silinda hedi huwezi kukaza kwa kukisia kwa mkono, inakazwa kwa hatua. Usiitumie kufungulia, na ukimaliza irudishe kwa namba yake ya chini kabisa, springi ikilala imekazwa inaanza kudanganya. Na gereji ikiwa na bunduki ya upepo ya kufungulia nati, usiweke soketi zako zinazong'aa hapo. Za bunduki ni zile nyeusi, za kung'aa zinaweza kupasuka na kipande kikaruka machoni.

Sasa sanduku. Usinunue, lichongeshe Kamukunji. Hao mafundi wa jua kali wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bodingi watakutengenezea la trei zinazofunguka pande mbili, ukiwaelezea vizuri. Sema bati ya geji 18, usikubali nyembamba zaidi (namba ikipanda bati inakuwa nyepesi, usidanganywe na 24). Mpini uchomelewe, sio kupigwa ribiti, kwa sababu uzito wote unabebwa hapo na ribiti zikiachia ni mguu wako. Sehemu ya kufuli iwe ya chuma kinene. Kabla akate bati mwekee pawa baa yako hapo chini apime, sanduku ambalo pawa baa haiingii ni la kazi gani. Ndani weka kipande cha mati ya zamani ya gari, spana zisipige kelele na zisikwaruzane.

Trei ya juu weka 10, 12, 14 peke yake. Kila spana ipake rangi moja kwa kiuno, rangi ambayo hakuna mwingine kwa yadi anatumia, na uhesabu kabla mwenye gari awashe. Hiyo sio tu kwa sababu ya wizi. Spana iliyosahaulika juu ya injini inaweza kuanguka kwa mkanda wa feni, na hiyo bili ni yako. Mtu akiazima aache kitu chake, hata simu, hawatakasirika, wameshazoea.

Kwa elfu 30 ningegawa hivi: kama 12 kwa soketi, racheti na pawa baa, 6 kwa spana kombi na ile ya breki, 4 kwa bisibisi, plaizi na nyundo, 4 kwa sanduku, na 4 ubaki nazo mfukoni, hapo ndio itatoka tester na kile kitu utagundua unakosa wiki ya kwanza. Kitakuwa kimoja, na sio kile unafikiria saa hii. Stendi za kuweka gari juu waambie gereji watoe wao, na kama hazipo usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata mwenye gereji akikuambia ni dakika moja.