Sio mbio zilizonipa sapu

Juzi jioni, miguu ikiwa bado mizito kwa mbio za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, niliingiziwa ujumbe: "Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili uuguzi, Mbeya. Nimeona picha yako na medali. Na mimi nataka kukimbia kilometa 21 mwakani, ila ratiba yangu ni balaa, asubuhi wodini, mchana darasani. Wewe uliwezaje?"

Marahaba mdogo wangu. Ukweli ni kwamba mara ya kwanza sikuweza. Hiyo medali uliyoiona pichani ni ya pili. Ya kwanza siipigi picha.

Ilianza Septemba 2023, nikiwa nyumbani Singida kwa likizo. Nilikaa juu ya gunia la alizeti nikimwangalia kwenye simu ya kaka yangu Magdalena Shauri akiingia wa tatu kwa wanawake kwenye marathoni ya Berlin, saa 2:18:41, Mtanzania mwenzangu kati ya miamba ya Ethiopia na Kenya. Nikasema mwakani lazima nami nisimame Kilimanjaro Marathon, hata kama ni nusu. Chuo kilipofunguliwa nikarudi Morogoro, bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likatoka, na kabla sijatoa kopi hata ya desa moja la kusomea nikanunua raba za mtumba kwa shilingi 45,000. Zilikuwa zinabana kidole kidogo. Nilizipenda hivyo hivyo.

Mtandaoni nikapakua programu ya wiki 12, siku tano za kukimbia kwa wiki. Naamini aliyeiandika hajawahi kupanga foleni ya maji hosteli. Nami ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, kesi za kusoma zimejaa ndoo. Sasa muda wa mazoezi niutoe wapi? Nikautoa usingizini. Usiku msuli wa kusoma kwenye kimbweta, benchi letu la nje, mpaka saa sita, alfajiri saa kumi na nusu niko barabara ya Bigwa, mbwa nyuma yangu, bodaboda wananiuliza kama nimefukuzwa. Saa mbili niko darasani, macho wazi, kichwa kimefungwa. Nilijiona shujaa. Nilikuwa nikiwahesabia wenzangu masaa niliyolala kama mtu anayetangaza mshahara.

Kwetu UE, yaani mitihani ya chuo, ya semista ya kwanza huangukia Februari, na mbio za Moshi ni mwishoni mwa Februari. Hilo sikulitazama kwenye kalenda mpaka zilipobaki wiki tatu. Badala ya kupunguza mbio, nikapunguza tena kulala.

Karatasi ya Sheria ya Ushahidi, saa tatu asubuhi. Swali la pili lilihusu ushahidi wa kuambiwa, mada niliyokuwa nawafundisha wenzangu kimbwetani. Nikaandika aya ya kwanza vizuri tu. Kilichofuata nilikikuta baadaye kwenye kijitabu cha majibu: mstari wa wino ulioanzia katikati ya neno "shahidi", ukateremka taratibu mpaka chini ya ukurasa na kutokea pembeni. Msimamizi ndiye aliyenigusa bega. Sijui nililala dakika ngapi. Najua nilipoinua kichwa wenzangu walikuwa wanaomba karatasi za nyongeza.

Moshi nilienda hivyo hivyo. Nusu marathoni pale kipande cha kwanza chote ni kupanda kuelekea Mweka, hakuna pa kujificha. Nilitembea, nikakaa, nikasimama, nikatembea tena. Saa 2 na dakika 31. Niliporudi nikaenda zahanati kwa kizunguzungu, wakapima wingi wa damu, ikasoma 9.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu.

Matokeo yakatoka. Sapu ya Ushahidi, yaani mtihani wa kurudia. Nilipoenda ofisini kuulizia, mhadhiri mmoja akanitazama mbele ya watu akasema, "Wewe si ndiye mkimbiaji? Haya, kimbia nayo mpaka Septemba." Wakacheka wote, hata wale niliowafundisha hiyo mada. Nimeshaisafisha sapu ile zamani, lakini kile kicheko bado nakisikia nikianza kupanda kilima chochote. Mama yangu naye akapiga simu: "Mwanangu, nimeuza alizeti ili ukakimbie?" Hilo liliniuma zaidi kwa sababu halikuwa la utani.

Mwaka wa tatu sikushindana popote. Nilisoma, nikakimbia kidogo, nikalala. Hauna hadithi.

Mwaka huu nimekimbia saa 1 na dakika 58, UE imeisha bila hofu ya sapu hata moja, na damu ni 12.8. Kwa hiyo naomba mnisikilize.

Ndugu zangu wa vyuo, acheni kusema mazoezi yanafelisha. Mazoezi hayakunifelisha. Nilichokiiba usingizini ndicho kilichodaiwa chumba cha mtihani, na riba juu. Mwili hujijenga ukiwa umelala, na ulichosoma mchana hutulia kichwani ukiwa umelala. Ukikata hapo unakata kotekote, halafu unalaumu raba. Na msiniambie hamna muda, maana nawaona mnavyokaa na simu mpaka saa saba usiku mkiangalia watu wakigombana. Mimi nilikuwa naingia kitandani saa nne na nusu usiku, mwaka mzima. Waliniita bibi. Poa.

Nilikimbia siku tatu tu kwa wiki: Jumanne polepole, Alhamisi vilima njia ya kupandia Morningside, Jumamosi mbio ndefu, nikaifikisha kilometa 18 taratibu kwa kuongeza mbili mbili. Wiki mbili za UE nilikimbia dakika 30 mara mbili, basi. Pumzi haipotei yote kwa wiki mbili za kupunguza. Nilijaribu pia kusikiliza madesa niliyojirekodi huku nakimbia, nikafika Bigwa sikumbuki hata kesi moja na nusura pikipiki initwange, kwa hiyo achana na hilo.

Halafu chakula. Chai ya rangi niliyokuwa nashushia maharage kila mchana ndiyo iliyokuwa inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Wewe wa uuguzi hilo unalijua kuliko mimi. Siku hizi kwenye maharage na mchicha nakamulia ndimu, chai inasubiri saa nzima. Dagaa usiwadharau, na hela ya bumu uitenge ya chakula kabla ya raba.

Na wewe una jambo ambalo mimi sikuwa nalo, zamu za usiku. Ukitoka zamu usikimbie, hata kama programu inasema leo ni leo. Lala. Kama siku ya mbio ndefu imeliwa na wodi, imeliwa, usiilipe kesho yake kwa kuunganisha mbili.

Septemba 2025 mama alinipigia tena. Alphonce Simbu alikuwa ametoka kuchukua dhahabu ya dunia Tokyo, amemshinda Mjerumani Petros kwa sekunde 0.03 tu baada ya kilometa 42. "Umemwona kijana wetu wa Singida?" Nikamwambia nimemwona. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ile yako ni lini?"

Basi mdogo wangu, nitumie kwanza ratiba yako ya UE na zamu zako za Januari na Februari. Mambo ya raba tutaongea baadaye.