Questionable Content imepoteza uhalisia, au mchoraji ndiye kakua?

Mleta mada kauliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, Questionable Content, katuni ya mtandaoni ya Kiingereza, ilianza kama katuni ya maisha ya kawaida, mbona sasa imejaa maroboti? Pili, Marten, tuliyeambiwa ndiye mhusika mkuu, mbona siku hizi anapita ukurasani kama mgeni wa harusi asiyejulikana kaalikwa na upande gani? Wachangiaji mmegawanyika, wa "zamani ilikuwa tamu" na wa "kama hutaki usisome". Kwa maoni yangu mnahangaika na maswali mawili wakati swali ni moja.

Nianze na maroboti maana hilo ni jepesi. Mchoraji wake, Jeph Jacques, alianza kuichapisha Agosti 2003, na Pintsize, yule roboti mdogo mwenye mdomo mchafu, alikuwa nyumbani kwa Marten tangu kurasa za mwanzo kabisa. Hannelore, rafiki yao mwingine, naye kalelewa kwenye kituo cha angani. Kwa hiyo anayesema ilikuwa ya uhalisia kisha ikageuka ya kisayansi, kumbukumbu zinamchezea. Tulichokiita uhalisia kilikuwa kodi ya nyumba, kazi isiyo na mbele wala nyuma, mtu anayekupenda lakini hayuko tayari, na Faye, anayeishi nyumba moja na Marten, anayeficha kilichompata baba yake hadi siku anashindwa kuficha tena. Roboti alikuwa pembeni akitukana, na hakuna aliyelalamika.

Sasa nije kwenye nililojifunza kwa mkono wangu mwenyewe. Niliwahi kuchora katuni, kurasa mbili kwa wiki, nikafika ukurasa wa 140 hivi kabla ya kuishiwa pumzi (msiitafute, nilishaifuta). Ukurasa wa 31 mhusika wangu mkuu, kijana aliyefukuzwa kazi, anateleza kwenye ngazi na kuvunjika mkono. Ukurasa wa 38 nikamchora kabeba sanduku la vitabu kwa mikono miwili. Msomaji mmoja akaniandikia mstari mmoja tu: "Mkono umepona kwa usiku mmoja?" Nikarudi kuhesabu. Kati ya kurasa zile mbili, kwangu zilipita wiki tatu na nusu. Nilikuwa nimehama nyumba, nimegombana na rafiki na tumeshapatana. Kwa kijana wangu ilikuwa ni kesho yake asubuhi.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba katuni ya namna hii ina kalenda mbili, moja ya mchoraji na moja ya hadithi, na haziendi pamoja hata kidogo. Piga hesabu ya Questionable Content: kurasa tano kwa wiki ni kama 260 kwa mwaka, na imeshapita 5,000. Ni kurasa nyingi, lakini mazungumzo ya jioni moja yanaweza kula kumi na tano, yaani wiki tatu za maisha yako wewe unayesoma. Wapo wachoraji waliokataa mpango huo. Kwenye Gasoline Alley ya magazeti ya Marekani, Frank King alimleta mtoto Skeezix mwaka 1921, kaachwa mlangoni kwa Walt, kisha akamwacha akue sambamba na wasomaji hadi akaenda kwenye Vita Kuu ya Pili. Wengi hawathubutu. Kalenda ya hadithi inatambaa, na mchoraji aliyeanza akiwa na miaka ishirini na kitu sasa ana arobaini na kitu, ilhali watu wake wameongeza miaka michache tu.

Mwambie mtu huyo aandike tena mateso ya kijana asiyejua kama ambusu anayeishi naye nyumba moja au anyamaze. Ataweza, ila atakuwa anaandika kwa kukumbuka. Mimi nilipofika ukurasa wa 60 nilikuwa nimepata kazi, nikampa kazi na kijana wangu. Akaisha. Si kwamba nilimchoka, la. Nilikaa mezani, nikamchora kaegemea dirisha, kiputo cha maneno kikabaki kitupu. Wakati huohuo kulikuwa na mama wa nyumba ya chini aliyekuja ukurasa wa 44 kuazima ngazi, hata jina sikumpa. Kila nikishika kalamu anajitokeza yeye. Kufika ukurasa wa 90 nusu ya kurasa ni zake, na wasomaji wanauliza kijana kaenda wapi. Sikuwa nimepanga. Yule mama alikuwa anauguza mzazi, na mimi nilikuwa nauguza.

Ndiyo maana simlaumu mtu kwa habari ya Marten. Alipata mapenzi ya utulivu na Claire, basi. Mtu aliyeridhika ni jirani mzuri, ila kama mhusika mkuu anakupa kazi.

Na kama mnataka kujua mhusika mkuu halisi ni nani, rudini kwenye sehemu Dora, mwenye mgahawa wa kahawa, anamfukuza Faye kazi kwa kunywa pombe kazini. Itazameni vizuri. Dora ni bosi wake, ni rafiki yake, na aliwahi kuwa mpenzi wa Marten, ambaye Faye anaishi naye. Mchoraji mvivu angemrudisha kaunta kesho yake kwa mzaha wa kahawa. Haikutokea. Faye akaangukia kutengeneza maroboti kwenye ulingo wa mapigano ya kificho, ndiko akakutana na Bubbles, roboti aliyekuwa mwanajeshi, na mwishowe wakafungua karakana yao wenyewe. Ukiitazama juujuu, hiyo ndiyo sehemu ya kisayansi kuliko zote. Kwangu ndiyo yenye uhalisia kuliko zote, kwa sababu kufukuzwa kulibaki kufukuzwa.

Kwa hiyo nakubaliana na walalamikaji, ila si kwa sababu wanayoitoa. Kinachonikera mimi ni upole. Siku hizi wahusika wengi wanaongea kana kwamba wametoka kwa mshauri nasaha asubuhi hiyohiyo: mmoja anakosea, anakiri, anaeleza hisia zake kwa ufasaha, anasamehewa, na bado fremu moja imebaki ya utani. Watu ninaowafahamu wakikosana wananuna wiki mbili kisha wanaanza kuongea habari za mvua. Tangu hadithi ihamie Cubetown, Claire alipopata kazi na Marten akamfuata, hili limezidi, na kila baada ya muda sura mpya inaingia. Utamu wa sura mpya naujua. Inakupa mizaha ya wiki nzima bila jasho, kwa kuwa kila anayekutana nayo anashangaa upya. Tatizo linakuja wiki ya tatu.

Jambo dogo la mwisho, kuhusu wanaosema "hakuna kinachotokea". Mimi kurasa za zamani nilizibugia kwa usiku tisa hivi, nikaipenda katuni kupita kiasi. Baadaye nikaanza kusubiri ukurasa mmoja kila siku, na mapenzi yakapoa. Nikadhani imeharibika. Siku moja nikarudia kwa mkupuo miezi mitatu niliyokuwa nimeilaani, ikateleza vizuri tu kwa saa moja. Upole ulikuwepo palepale na ulinikera vilevile, lakini mwendo haukuwa na kasoro. Jaribuni kabla ya kuendelea kubishana.

Na ule mkono wa kijana wangu, kwa wale watakaouliza: niliurekebisha usiku uleule. Nikarudi ukurasa wa 38, nikafuta sanduku, nikamchorea bandeji safi hadi kwenye kiwiko. Asubuhi nakuta ujumbe wa msomaji yuleyule: "Asante, ila aliumia mkono wa kulia."