Daftari la Saa: Kwa Mdogo Wangu wa Houston

Jumapili iliyopita nimerudi kutoka kazini, hata viatu sijavua, nikakuta ujumbe mrefu kwenye simu.

"Shikamoo dada. Mimi ni mgeni hapa Houston, nina miezi saba. Nafanya kazi dukani, kwenye kaunta. Meneja anatwambia tugonge kadi ya kumaliza kazi saa nne kamili usiku, halafu ndiyo tufagie na kurudisha bidhaa kwenye rafu mpaka atufungulie mlango. Muda huo haulipwi. Wenzangu wote wamenyamaza. Nifanyeje? Naogopa nisije nikaharibu makaratasi yangu."

Nimeusoma mara tatu, mara ya tatu machozi yakanitoka. Binti huyu ni mimi wa mwaka 2015. Hata ile "saa nne kamili" ni ileile.

Nilishinda bahati nasibu ya green kadi nikiwa Morogoro, nikatua Dallas na sanduku moja na koti la kuazima. Nilikuwa na mambo mawili kichwani: kusomea unesi na kujenga Kibaha. Najua nawe unayesoma hapa una yako ya namna hiyo. Hakuna aliyevuka bahari ili afie kwenye kaunta. Tumekuja kubeba boksi kwa muda, tusome, tujenge, tuwainue wazazi. Ndiyo maana wizi wa dakika unauma kuliko unavyoonekana.

Nilipata kazi kwenye duka kubwa nje kidogo ya mji, dola 9 kwa saa. Nikazidisha kwa shilingi, nikaona zaidi ya 16,000 kwa saa moja, nikampigia mama usiku huohuo kumwambia tumeokoka. Sikujua kwamba Texas haina kima chake cha chini, inafuata kile cha serikali kuu, dola 7.25, ambacho hakijapanda tangu tarehe 24 Julai 2009. Mtu wa saa 40 kwa kima hicho anapata dola 290 kwa wiki kabla ya makato. Basi 9 yangu ikawa inasifiwa kama upendeleo, nami nikawa nashukuru.

Ngoja nikueleze usiku wenyewe ulivyokuwa. Saa 4:00 unagonga kadi kwenye mashine iliyo karibu na chumba cha chakula. Mashine inalia, jina lako linaonekana, kisha linatoweka. Kwa hesabu yao umeshakwenda nyumbani. Lakini mlango umefungwa na funguo anazo meneja, na mbele yako kuna toroli tatu za vitu ambavyo wateja wameviacha hovyo: kuku wa barafu aliyetupwa kwenye rafu ya soksi, ameshaanza kuvuja maji, kiatu kimoja cha mtoto ambacho mwenzake hujui yuko wapi, rangi ya kucha iliyofunguliwa ikamwagika kwenye taulo nyeupe. Kila kimoja unakirudisha kwake. Kisha unafagia chini ya kaunta. Nilikuwa nasimama tangu saa nane mchana, vidole vya miguu vimekufa ganzi, na nikiangalia saa ya ukutani naona 4:35. Basi la mwisho limeondoka. Natembea dakika arobaini kando ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu.

Dakika 35, siku tano kwa wiki, ni karibu saa tatu. Na karatasi yangu ya malipo, kila wiki bila kukosa, iliandika saa 40.00, kwa sababu ikizidi 40 sheria inawalazimisha kulipa mara moja na nusu. Kwangu ingekuwa dola 13.50 kwa saa, karibu dola 39 kila wiki. Hizo ndizo walizokuwa wakizikimbia. Sheria hiyo ni ya mwaka 1938, na kitu kilichoniumiza nilipokuja kuisoma ni kwamba watu wa maduka kwa sehemu kubwa waliachwa nje yake mpaka mwaka 1961. Yaani hata kwenye haki, mtu wa dukani alifikiwa nyuma ya wengine.

Miaka miwili iliyofuata naiacha, ilikuwa boksi tu, kulala na kuamka.

Januari 2018, mama mmoja wa Kimeksiko wa kitengo cha mikate alinikuta nalia kwenye chumba cha chakula. Hakunipa pole. Alitoa kwenye mfuko wa aproni daftari dogo lenye jalada la bluu, kona zake zimelowa siagi, akanifungulia. Kila ukurasa una tarehe, saa aliyoingia, saa aliyogonga kadi, na saa aliyotoka mlangoni kikweli. Miaka minne ya usiku wake imo mle. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata, "Binti, ukisema bila kuandika, watasema wewe mwongo." Siku hiyohiyo nikanunua langu kwa dola moja na senti kadhaa.

Niliandika wiki 32. Mwisho wa Agosti nikajipa moyo, nikamwendea meneja kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani, nikamuuliza kama zile dakika za usiku zinaweza kulipwa. Alinitazama, akasema ataliangalia. Alhamisi ratiba ikabandikwa. Mimi wa saa 40 nimepewa saa 16. Ijumaa nafunga duka, Jumamosi saa 12 asubuhi nalifungua. Saa 16 kwa dola 9 ni dola 144, na kodi ya chumba ilikuwa haingoji. Wenzangu niliokula nao chakula miaka mitatu wakaanza kunipita kama hawanijui. Hilo la wenzangu, nikiri, bado halijanitoka moyoni. Septemba nikaacha kazi, nikaenda kuhudumia wazee, ndipo safari yangu ya unesi ilipoanza.

Kumpunguzia mtu saa kwa sababu amedai malipo yake ni kosa kisheria. Mimi sikujua. Nilijua kunyamaza. Nilinyamaza karibu mwaka mzima nikiogopa hicho unachokiogopa wewe, makaratasi. Juni 2019 dada mmoja wa kanisani akanipa namba ya Kitengo cha Mishahara na Saa cha Wizara ya Kazi ya Marekani, 1-866-487-9243. Nikapiga mkono ukitetemeka. Hawakuniuliza habari ya viza wala green kadi. Ukiomba mkalimani wanakupa. Afisa aliniuliza jina la duka, kazi niliyofanya, ninavyolipwa, kisha akauliza, "Una kumbukumbu yoyote uliyoandika mwenyewe?"

Nilikuwa nayo ya wiki 32, basi.

Sheria inakuruhusu kurudi nyuma miaka 2, au 3 ikithibitika mwajiri alijua anachokifanya. Kwa hiyo 2015 yote na miezi ya mwanzo ya 2016 ilikuwa imeshakwenda na maji. Mwajiri alipobanwa akakubali zile wiki zenye maandishi peke yake, kwa sababu wenzangu wawili walioulizwa walizithibitisha. Machi 2020 hundi ikaja: dola 1,260 kabla ya makato. Niliipiga picha nikamtumia mama. Sijawahi kujivunia hela kama zile, hata mshahara wangu wa kwanza wa unesi haukunipa furaha ile. Lakini usiku huo pia nilikaa kitandani nikapiga hesabu ya wiki ambazo sikuandika, tangu nilipoajiriwa mpaka siku ya lile daftari la bluu. Ni zaidi ya dola 5,000. Ule ungekuwa msingi wa nyumba ya Kibaha, na ungekuwa umemwagwa kabla baba hajafariki.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu ni fupi. Andika. Anza leo. Andika saa uliyoingia, saa uliyogonga kadi, saa uliyotoka mlangoni. Usiandike kwenye simu ya kazini wala kwenye karatasi inayobaki dukani. Andika kwenye daftari lako, na mara moja kwa wiki piga picha kurasa zake.

Tofautisha pia kazi na kungoja. Kufagia na kurudisha bidhaa ni kazi, italipwa. Lakini kama unasimama tu mlangoni ukisubiri wakague pochi yako, Desemba 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya wafanyakazi wa maghala, kwamba muda wa kukaguliwa namna hiyo sheria ya serikali kuu hailazimishi ulipwe. Majaji wote tisa walikubaliana. Hukumu hiyo mimi naiona ni dhuluma mpaka kesho, ila usije ukadai kwa hasira ukachanganya vitu viwili. Andika kipi ni kipi.

Na msiogope kuulizana mishahara. Meneja wetu alikuwa anatuambia ni marufuku, kumbe sheria ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi kuzungumzia malipo yao. Nilipomuuliza kijana mgeni niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, nikakuta yeye ameanza na dola 10.25. Mimi wa miaka mitatu nina 9! Sisi Waswahili tuna aibu ya kutaja hela, tunaona ni utovu wa adabu. Hiyo aibu wanaitumia. Ukimya wetu wanauhesabu, na kila mwisho wa mwezi unawaingizia. Tunaamka alfajiri kusali, tunatoa sadaka, tunatuma hela za matibabu ya shangazi, kisha tunamwachia mtu aliyeshiba saa tatu za jasho letu kila wiki kwa kuwa tunaona haya kusema. Mungu hakukuleta huku uone haya. Sema, lakini kabla ya kusema, andika.

Hao wenzako walionyamaza usiwachukie. Wana watoto, wana kodi. Mimi nilichukia na haikunisaidia. Mtafute mmoja tu, aandike kama wewe.

Leo usiku ukifika kwenye gari, au kwenye kituo cha basi, kabla hujafanya chochote, toa kalamu uandike saa uliyotoka. Ukifikisha wiki nne nitumie ujumbe uleule ulionitumia Jumapili. Siku ya kupiga ile namba nitakuwa pamoja nawe kwenye laini tangu mwanzo, na daftari langu la zamani ninalo bado. Nitakutumia picha ya ukurasa wa kwanza uone nilivyopanga.