Mtoto hataki maji kipindi hiki cha joto: mie nilianzia kwenye moyo wa nanasi

Dada pole sana. Nimesoma ulivyoandika kwamba mwanao wa miaka mitano hagusi maji, chupa inaenda shule imejaa inarudi imejaa, akirudi nyumbani analilia juisi za boksi tu, na unauliza kama hii habari ya kuweka matunda kwenye maji inasaidia kweli au ni ya kwenye picha tu. Inasaidia, ila ngoja nikuhadithie yaliyonikuta maana tunda peke yake halikunitosha.

Mie niko Mbagala, na joto la Dar kuanzia Desemba mpaka Machi mnalijua, kaskazi ikishakolea hata usiku haupoi, unatoka kuoga jasho lishakusubiri mlangoni. Mwaka juzi kipindi hichohicho binti yangu wa pili, alikuwa chekechea, akaanza kuogopa kwenda kukojoa. Siku moja nikamkuta chooni kachuchumaa, mkono kashika ukuta, kola ya shati kaing'ata, machozi yanamtoka, na mkojo wenyewe matone tu, rangi kama chai ya rangi. Tukakimbilia zahanati, wakapima mkojo wakakuta UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakatupa dawa, afu daktari akaniuliza huyu mtoto anakunywa maji kiasi gani kwa siku? Sikuwa na jibu. Najua anakula nini, analala saa ngapi, lakini maji nilikuwa sijawahi kuyahesabu. Ile iliniuma kwakweli.

Ndo nikaanza kuhangaika na matunda. Ndimu nilikata na maganda yake nikaacha usiku kucha kwenye friji, asubuhi maji machungu kama dawa, akatema. Kumbe ganda la ndimu na la chungwa likikaa muda mrefu linatoa uchungu, kwa hiyo menya kwanza, au weka slaisi mbili tatu na uzitoe baada ya saa moja. Na ndimu isiwe ya kila siku mtoto anafyonza kutwa nzima, ule ukali unakula meno. Embe bivu linafanya maji yawe mazito kama uji. Tikiti ni tamu ila linalegea upesi na linachacha upesi.

Lililokuja kushika ni nanasi. Mwisho wa mwaka mananasi ya Kiwangwa yakijaa sokoni bei inashuka, mie nachukua mawili, nyama tunakula, ule moyo wa katikati ambao watu wengi wanautupa naukata vijiti vya urefu wa kidole. Lita moja ya maji naweka vijiti vinne, tango kama nusu, na mnanaa majani matano ukiwepo, usipokuwepo basi. Saa mbili tatu kwenye friji inatosha, sukari siweki hata chembe. Sasa yeye namwekea kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, kijiti kimoja kinazama chini, na sheria yetu ni moja, ukimaliza maji kijiti chako. Basi utamuona anapiga funda, anainua chupa kwenye mwanga anaangalia kimebaki mbali kiasi gani, anapiga funda tena. Sijamwambia "kunywa maji" hata mara moja. Ila akikipata akae chini atafune mbele yangu, moyo wa nanasi ni mgumu. Kwa mdogo wa chini ya miaka minne chuja tu, vipande na mbegu vinakaba. Na kama una kichanga chini ya miezi sita hayamhusu kabisa, yeye ni ziwa la mama tu hata joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Hapa naomba mnisikilize jamani maana nilikosea mwenyewe. Maji yenyewe lazima yawe salama kwanza. Chemsha mpaka yatokote kisawasawa dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndo uweke matunda. Friji haiui vijidudu. Na tunda lioshwe kabla ya kukata, hata tikiti ambalo ganda haliliwi, maana kisu kinapita kwenye ganda kinaingia na uchafu ndani. Usiku mmoja umeme ukakatika, jagi la tikiti likalala kwenye friji isiyofanya kazi, asubuhi nikaonja nikasikia kauchachu kwa mbali nikasema si kitu, nikampa. Aliharisha siku mbili. Tangu hapo likikaa nje zaidi ya saa mbili namwaga, na kwenye friji mwisho ni siku moja. Ya shule nachuja, matunda hayaingii kwenye begi linalopikwa na jua. Kama huna friji hangaika na mtungi wa udongo, uweke kivulini penye upepo, maji yanapoa vizuri tu, afu unatia tunda kwenye glasi muda uleule wa kunywa.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema maji ya matunda yanasafisha sumu mwilini. Hapana ndugu yangu, kazi hiyo ni ya figo na ini, haya ni maji yenye harufu nzuri, hata vitamini zinazoingia ni kidogo, tunda lenyewe mpe ale. Na mtoto akiharisha au akitapika usimtibu kwa maji ya nanasi, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, paketi moja kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, kidogokidogo kwa kijiko, na vidonge vya zinki uulize kituo cha afya. Ukiona macho yamedumbukia, analia bila machozi, amelegea au hakojoi, beba mtoto nenda hospitali.

Sasa nirudi kwenye lile nililosema mwanzo. Nyumbani akawa anakunywa vizuri lakini chupa ya shule bado inarudi imejaa, nanasi lilelile, chupa ileile. Jioni moja namwogesha nikamuuliza taratibu, mama mbona maji ya shule huyanywi? Akaniambia nikinywa nitabanwa mkojo, na tumeambiwa mtu asitoke darasani. Kumbe mtoto wa miaka mitano alikuwa anajipangia, asinywe ili asibanwe, na ule mkojo aliokuwa anaukalia huenda ndo ulichangia kutuletea UTI. Nilienda shuleni kesho yake, sikwenda kugombana, niliongea na mwalimu wake tukakubaliana awe anaruhusiwa kabla ya mapumziko na baada, na akinyoosha mkono asizuiwe. Wiki ileile chupa ikaanza kurudi tupu.

Kwa hiyo juisi za boksi mpunguzie polepole, usimkatie ghafla, anza na nanasi kesho ukiweza. Ila mwanao naye muulize leo jioni ukiwa unamwogesha, choo cha shule kikoje na anaruhusiwa kwenda saa ngapi, afu urudi hapa utwambie kakujibu nini.